Fundo la Pili

Leo nafagia kabati la darasa la tatu.
Mwaka umekwisha, watoto wako Langoni na likizo yao,
na mimi napigana na vumbi la chaki
na kopo la maziwa lenye kunde zilizokataa kuota:
zile za Mwanaamina, aliyezimwagilia chai
kwa sababu, alisema, asubuhi kuna baridi.

Kamba hii siitupi.

Ilikuwa Jumatano ya vipimo.
Kitabu kilisema: leteni mizani, pimeni tikiti maji.
Mizani hatuna. Tikiti, mwezi ule, bei yake haikamatiki.
Nikauliza, basi tupime nini?
Kupi akasema mlango. Somoe akasema bahari.
Famau, ambaye tangu Januari
hakuwa amenipa zaidi ya "ndiyo" na "sijui",
akasema, "Punda."

Walicheka hadi dawati likapoteza mguu.

Saa nne akaja naye, punda wa babake,
kijivu, sikio moja limekatika ncha,
chokaa ya mzigo wa jana ingali mgongoni.
Aliingia uwanjani kama mkaguzi wa shule:
akatazama ubao, akatazama daftari la Kupi,
akala ukurasa wa saba.

Niliwaambia, kamba haijui kilo, hesabu ndiyo inayojua.
Izungusheni kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, mtie fundo.
Kisha urefu, begani hadi kitakoni.
Mikono ishirini ikagombania mkia usiohusika.
Famau peke yake hakushika kamba.
Alishika lile sikio bovu, akanong'ona neno,
na mnyama akatulia kama maji mtungini.

Kwanza tukisie, nikasema.
Somoe: arubaini.
Kupi: elfu moja, na mkia juu yake!
Famau: mia na ishirini na tano.
Umejuaje?
"Akipanda mashua ya Mokowe
maji hupanda ubavuni
sawa na mifuko miwili na nusu ya simiti."

Tulizidisha, tukagawanya, tukafuta,
chaki ikavunjika mara mbili.
Jibu lilipotoka, mia na ishirini na sita,
hakuna aliyecheka.
Mimi, mwenye cheti cha ualimu ukutani,
nilikaa juu ya ndoo.

Kisha Somoe, asiyejua kuiacha hesabu ilale,
akauliza, "Na mzigo wake je?"
Mchanga, akasema Famau. Mawe. Inategemea fundi.
Tukajumlisha. Sitaandika hapa tulichopata.
Famau aliliachia lile sikio.

Asubuhi yake baba mtu alisimama mlangoni,
kofia mkononi, simiti kwenye kope.
Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote makali.
"Mwalimu, ndiwe uliyempima punda wangu?"
"Ni sisi!" likajibu darasa zima.
Akajikuna shingo. Akatazama miguu yake.
"Na mimi je? Nna kilo ngapi?"

Hesabu ya punda haimfai mtu, nilijua.
Nikanyamaza.
Wakamzunguka thelathini na wawili, wakamnyanyua mikono
kama anayeshonewa kanzu ya Idi,
na Famau ndiye aliyetia fundo,
polepole, shavu lake kifuani mwa babake,
muda mrefu kuliko kipimo kinavyotaka.

Mafundo mawili, basi, kwenye kamba moja ya usumba.
Kati yao ni shibiri moja na nusu
ya mkono wa mtoto.

Kunde nimezimwaga uani.
Kamba nimeitundika kwenye msumari
pale palipoandikwa MIZANI.
Mwakani kitabu kitasema tena tikiti maji.